Mkono Uliopungua

Kitengela,
Jumapili, baada ya kanisa.

Mdogo wangu Kaluki,

Nakusalimu wewe, namsalimu baba Soipan, nawasalimu watoto na hata wale mbuzi wako wenye tabia ya kula nguo zilizoanikwa. Natumaini kile kikohozi cha mwezi wa saba kimekuacha, na kwamba mvua imewafikia huko Bisil badala ya kuwadanganya kwa mawingu kama ilivyofanya mwaka jana. Hapa Kitengela tuko na vumbi letu na malori ya maji, kama kawaida. Mimi mwili ni mzima, ila goti la kushoto linanikumbusha kila asubuhi kwamba sisi si wasichana tena. Chakula nakula. Usingizi ndio unanikimbia, na barua hii ndiyo sababu yake.

Utajiuliza kwa nini dada yako, mwenye simu mbili, ameketi kuandika kwa mkono kama tulivyoandikiana zamani nikiwa bwenini. Sababu unaijua mwenyewe. Wewe ukipigiwa simu unaiweka sauti ya nje, nyumba nzima inasikiza na jirani anachangia. Ujumbe wa WhatsApp nao unasomewa na mwanao Dennis, na haya niliyo nayo si ya Dennis. Barua hii nampa Rachel, jirani yangu, akija kununua mbuzi sokoni kwenu. Isome peke yako kwanza, kisha uamue kama baba Soipan anafaa kuisikia. Mimi naona anafaa, maana inamhusu mtamba wake.

Rachel aliniletea ujumbe wenu Jumanne. Alisema mnanishukuru kwa jinsi nilivyosimama mbele ya maprofesa nikamtetea mtoto, na kwamba ni Soipan mwenyewe aliyewaeleza. Alisema mumeo Nelson amenichagulia mtamba mwekundu, mtoto wa yule ng'ombe wake anayempenda, na kwamba tangu sasa hataniita shemeji. Tutaitana kwa jina la mtamba huyo, kama wanavyoitana Wamaasai wenzake waliopeana ng'ombe, hadi mmoja wetu azikwe. Rachel akasema nimebahatika, kwamba si Mkamba yeyote tu anayepewa heshima ya namna hiyo. Nilikuwa namtilia chai. Niliimwaga mezani.

Kaluki, msinishukuru. Acha nikueleze tangu mwanzo, na usiniruke mistari.

Unamkumbuka Mzee Katee, aliyekuwa Mkutubi Mkuu wa chuo chetu, aliyestaafu mwaka juzi. Mimi nilikuwa msaidizi wake tangu Soipan akiwa shule ya msingi. Yeye alikaa kitini, mimi nikaendesha maktaba. Paa likivuja niliitwa mimi. Wanafunzi wakigombania meza wakati wa mitihani, mimi ndiye niliyewatenganisha. Kwa hivyo alipoondoka, kuanzia wakubwa wa chuo hadi mama wa kufagia, kila mtu alijua kiti ni cha Mutindi. Hata mimi nilijua. Nilikuwa nimeshachagua moyoni rangi ya mapazia.

Kisha baraza la chuo likafanya ukaguzi wa wafanyakazi. Sheria, kama unavyosikia kwenye redio, inasema taasisi ya umma isijaze watu wa kabila moja kupita theluthi. Maktaba yetu ilikuwa aibu. Ukisema jambo la kuchekesha kwa Kikamba pale orofa ya chini, jengo zima lilicheka. Chuo kimejengwa kwenye ardhi ya Wamaasai, lakini ndani ya maktaba Mmaasai alikuwa askari wa mlangoni peke yake. Wazee wa Kajiado wakalalamika, na walikuwa na haki. Nasema hivyo leo. Wakati ule nilisema wanaleta siasa kwenye vitabu.

Tangazo la kazi lilipotoka, Soipan alinijia Jumapili, kama alivyozoea kila Jumapili tangu aanze kazi kwenye ile maktaba ya Nairobi. Akaniuliza kwa adabu kama nitakasirika naye akiomba. Nilicheka. Nikamwambia aombe, apate uzoefu wa kuhojiwa. Nilisema kwa moyo mkunjufu kabisa, kwa sababu sikuona njia yoyote ambayo mtoto yule angenishinda. Nikamshauri jambo moja tu, kwamba asimwambie mtu kuwa mimi ni mama yake mkubwa, maana watu wangesema namwingiza kwa mlango wa nyuma. Si yeye niliyekuwa nikimlinda. Nilikuwa nikijilinda mimi. Akakubali. Kwenye karatasi yeye ni Saruni, mimi ni Wathome, nani angejua?

Wakampa yeye.

Sikatai, vyeti anavyo. Ana shahada ya pili kama mimi, kompyuta anaijua kuliko mimi, na nimeambiwa alijieleza vizuri. Lakini vyeti hata mimi ninavyo, na miaka ninayo. Kilichozidi kwake ni kuwa Mmaasai wa Kajiado. Hapo ndipo wivu uliponikamata huku ukinicheka, maana nilijua jambo wasilolijua, kwamba huyo Mmaasai wao ametoka tumboni mwa mdogo wangu. Hapa kwetu mtu huulizwa babake tu. Kwenye hesabu ya baraza wewe hukuwepo kabisa, Kaluki, na mimi nilinyamaza ukaachwa nje.

Unaikumbuka siku ya kumkaribisha. Kina mama wa kanisani kwenu walitoka Bisil wakaja kuimba. Alivaa shanga ulizomtengenezea, na alipendeza. Mimi nilipewa kazi ya kushika maua hadi yatakapohitajika, na hotuba zilikuwa ndefu, kwa hivyo yalininyaukia mkononi. Wewe ulikuwa kwenye umati na ulinipungia mkono kwa mbali, kwa sababu nilikuwa nimekuomba usinikaribie. Sijawahi kukuomba msamaha kwa hilo. Naomba sasa.

Wivu hauanzii kwenye mambo makubwa. Wangu ulianza na chai. Mama Yvonne, anayetuletea chai ya saa nne, miaka yote alianzia kwangu. Sasa akaanzia kwake, na kwangu ikafika imepoa. Ukahamia kwenye kiti chake kinachozunguka, ukahamia kwenye jina lake lililoandikwa mlangoni, ukahamia hata kwenye miguu yake, maana alirithi ile miguu mizuri ya mama ambayo mimi nilinyimwa. Kazini nilimwita Madam, naye akaniita Madam. Jumapili anakuja kwangu, anavua viatu, anaosha vyombo, ananiita mwaitu kama anavyostahili kuniita, kwa sababu kwetu dada ya mama ni mama. Basi nilimpenda Jumapili nikamchukia Jumatatu. Na ukiniuliza Jumatatu ni ngapi kwa wiki, nitakwambia ni tano.

Lililoniuma zaidi ni la vitabu vya kiada. Miaka na miaka nilikuwa nikisema vishushwe orofa ya chini, karibu na mlango, ili mwanafunzi anayekimbilia darasani avipate upesi. Mzee Katee alikuwa akisema tutaangalia. Soipan alipolisema mbele ya walimu wa chuo, walimpigia makofi. Hapo hapo akasimama tena akasema wazo lile ni la Bi Mutindi. Wakanipigia na mimi makofi, madogo. Ningependa asingenitaja, nipate sababu kamili ya kumchukia.

Sasa nikueleze habari ya hawa walimu, maana kwa kweli maktaba ni yao kuliko yetu. Kwa kanuni za chuo chetu, baraza likishamweka Mkutubi Mkuu, anafanya kazi mwaka mmoja wa majaribio, kisha kamati ya maktaba ya seneti inapiga kura ya kumthibitisha. Kamati hiyo ni walimu watupu, isipokuwa kiti kimoja cha mfanyakazi wa maktaba, na kiti hicho ni changu. Seneti haijakubali bado kwamba sisi ni wasomi kama wao. Tukisema jambo kwenye mkutano wanatuangalia kama vile chaki imeongea. Na wana mazoea yao. Mtu anachukua vitabu vya kufundishia, anavifungia ofisini kwake, na vinakaa huko mpaka buibui ndio wanaovisoma. Mzee Katee aliwaogopa, na mimi, niseme ukweli, niliwaogopa pia.

Soipan hakuwaogopa. Aliamuru vitabu vyote virudishwe, awe profesa, awe nani. Dkt. Mbaluka wa kitivo cha biashara alikuwa amejaza makabati mawili. Alivirudisha kwa toroli, mchana peupe, wanafunzi wakimwangalia. Tangu siku hiyo akaanza kusema kwamba chuo hakiwezi kuongozwa kwa kabila, na wenzake wakaitikia. Hakuna aliyetaja makabati. Wote walitaja kabila.

Basi mwezi uliopita, kura ikiwa imekaribia, Dkt. Mbaluka alikuja kwenye dawati langu pamoja na Dkt. Kyule, ambaye ni mtu mpole lakini humfuata Mbaluka kila aendako. Soipan alikuwa kwenye rafu iliyo karibu, amebeba vitabu kifuani, shanga zake mkononi. Hawakupunguza hata sauti. Walianza kwa Kikamba, kwa raha zao, kama watu walioketi kwao Masii wakingojea chakula. Walisema msichana huyu wa kuchunga ng'ombe ametuletea ujuaji, kwamba kura zao ziko tayari, kwamba kiti kitanirudia mimi mwenyewe, na kwamba haiwezekani mtoto wa nyumbani alale nje na mgeni alale ndani.

Nilijua kila neno linamfikia. Kikamba chake nilimfundisha mimi, likizo baada ya likizo, jikoni kwangu, tukipepeta mahindi ya muthokoi, na mama akamnyoosha pale alipopinda mpaka ukimsikia bila kumwona unafikiri hajawahi kuvuka Athi River. Ningeweza kuwaambia kwa Kiswahili kwamba Madam yuko hapa. Ningeweza hata kukohoa tu. Badala yake niliwajibu kwa Kikamba, polepole, nikimwangalia mgongo.

"Muacheni," nikasema. "Huyo ni lebo ya kaunti tu. Gundi ikikauka itabanduka yenyewe."

Walicheka mpaka mwanafunzi mmoja akatuomba tunyamaze. Lebo nazo ni zile tunazobandika kwenye migongo ya vitabu. Joto la huku huzikausha, zikaanguka sakafuni, tukazifagia. Soipan hakugeuka. Alikirudisha kitabu mahali pake, akainyoosha safu kwa kiganja, akahamia rafu nyingine. Nilikuwa nimemtukana mwanao kwa lugha ya mama yake, na pale ndani tuliojua ni sisi wawili tu.

Jumapili iliyofuata alikuja kama kawaida. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, au kwa maneno makali, na nilikuwa na majibu yangu tayari. Alivua viatu, akaosha vyombo, akauliza habari ya goti. Lakini aliuliza kwa Kiswahili, Kiswahili cha heshima, kama cha mpangaji na mwenye nyumba. Nilimjibu kwa Kikamba, akanirudishia Kiswahili. Na alipokuwa akiondoka aliniaga kwa kuniita Madam, pale jikoni kwangu, mikono yake ikiwa bado na maji ya vyombo. Nilikaa na ile Madam wiki nzima.

Siku ya kura ikafika. Mwenyekiti wa kamati ni Prof. Waithera, mama wa haki anayesoma kanuni kama wengine wanavyosoma Biblia. Soipan aliwekwa kwenye benchi nje ya chumba cha mikutano, kama inavyotakiwa. Dkt. Mbaluka aliongea kwa Kiingereza kizuri kuhusu uzoefu, na hekima ya kuwasikiliza walimu, na hatari ya kuteua watu ili kufurahisha kaunti. Wengine walimtetea Soipan, hasa wale vijana ambao wanafunzi wao sasa wanapata vitabu. Mimi nilikuwa nimekuja kupinga. Nakuandikia hivyo ili usije ukanihurumia mapema.

Kabla ya kura, kanuni inamtaka mwenyekiti aulize kama kuna mjumbe mwenye undugu na anayepigiwa kura. Huulizwa kila mara, kama sala ya kufungua mkutano, na hakuna anayejibu. Mimi nilijikuta nimesimama. Hadi leo sijui ni nini kilichoniinua. Nafikiri ni ile Madam ya jikoni.

"Mwenyekiti," nikasema, "huyu ni mwanangu."

Walicheka kidogo, maana hapa kila mtu mzima humwita kijana mtoto wangu. Nikawaeleza kwamba amezaliwa na Kaluki, anayenifuata, na kwamba kwetu mtoto wa Kaluki ni wangu. Nikawaeleza pia kwamba anaongea Kikamba na anakisikia chote. Niliposema hilo nilimwangalia Dkt. Mbaluka, nikaona uso umemsawijika. Dkt. Kyule alijishika kichwa kwa mikono miwili. Walikuwa wamelikumbuka dawati.

Prof. Waithera aliandika, kisha akanieleza taratibu kwamba mjumbe akishatangaza undugu, kanuni inamwachia uamuzi. Anaweza kubaki apige kura, watu wote wakijua, au anaweza kutoka nje. Akaniambia nichague. Nikasema nitatoka. Wakanung'unika kwa heshima, na mmoja akasema huo ndio uadilifu tunaowafundisha vijana. Nilitoka nimeinua kichwa kama bibi harusi.

Hapo ndipo hadithi aliyowapa Soipan inapoishia. Kwamba mama mkubwa alisimama mbele ya maprofesa, akamkiri hadharani, akatoka kwa heshima. Yote ni kweli. Sasa soma iliyobaki.

Sikutoka kwa uadilifu, Kaluki. Nilitoka kwa sababu ningebaki ningelazimika kuinua mkono. Nikishasema ni mwanangu, singeweza kuuinua kumpinga, ningeonekana mchawi mbele za watu. Na kuuinua kwa ajili yake, mkono ulikataa. Nilimwona kichwani mwangu akithibitishwa, akipigiwa makofi, akikaa kwenye kiti kile mpaka mimi nistaafu na kusahaulika, na mkono ukawa mzito. Kanuni ikanipa mlango, nikaupita mbio.

Chumba kile kina ukuta wa kioo. Niliketi kwenye benchi kando ya Soipan, tukaona wote wawili. Mikono ya kumkubali iliinuka, na wa Dkt. Kyule ukiwemo. Nilisikia baadaye alisema kumbe ni damu yetu, hatuwezi kumtupa. Yaani ni yale yale, yamegeuzwa upande wa pili kama chapati. Kisha Mbaluka na wenzake wakainua ya kupinga. Prof. Waithera akahesabu, akarudia kuhesabu. Ilikuwa sawa kwa sawa, na kwa kanuni zetu mtu hathibitishwi mpaka wanaomkubali wazidi. Ulipungua mkono mmoja.

Prof. akageuka, akaniangalia kupitia kile kioo. Hakuniita, hiyo haikuwa kazi yake. Aliniangalia tu, kalamu hewani. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Kura ikiwa haijatangazwa, mjumbe aliyetoka anaruhusiwa kurudi na kupiga yake, na nililijua hilo kuliko wote waliokuwa mle ndani, maana kanuni zile nilizichapa mimi.

Nikainama kufunga viatu.

Viatu nilivyovaa siku ile ni vile vya kutumbukiza mguu tu. Havina cha kufunga. Nilikaa vile vile nimeinama, nikishikashika ngozi ya kiatu, macho sakafuni, hadi niliposikia viti vikisukumwa na watu wakiinuka. Soipan alikuwa kando yangu muda wote. Alimwona Prof. akiniangalia. Aliviona viatu vyangu. Kisha alinishika kiwiko, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya dawati alinisemesha kwa Kikamba.

"Mwaitu, inuka," akasema. "Wamemaliza. Utaumia mgongo."

Kesho yake nikateuliwa kaimu Mkutubi Mkuu. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliinama nikapata. Soipan alinikabidhi funguo, akanionyesha ufunguo unaokwama na namna ya kuushawishi, akaomba likizo, akaja kwenu. Chai ikarudi kuanzia kwangu. Na nikuambie jambo ambalo nimelionea haya kuliko yote. Siku mbili za kwanza nilifurahi. Nilifunga mlango nikakizungusha kile kiti kama mtoto.

Kisha Rachel akaja na habari ya mtamba. Ningekuwa tayari kama Soipan angewaambia ukweli. Ningegombana nanyi, na ugomvi nauweza, unanijua. Lakini alifika nyumbani, akaketi mbele ya mama yake na baba yake, akanifunika. Sikujua la kufanya na jambo la namna hiyo. Nilimwita lebo mbele ya watu wanaomdharau, naye akanisitiri mbele ya watu wanaonipenda. Tangu Jumanne silali.

Kanuni ina kifungu kimoja zaidi. Mjumbe aliyetoka anaweza kuomba kura irudiwe, mradi seneti haijaketi. Ijumaa nilikwenda kwa Prof. Waithera nikaomba. Dkt. Kyule alikuwa mle ofisini na nilisema hivyo hivyo akisikia, kwamba sikutoka kwa uadilifu bali kwa wivu, na kwamba safari hii nitabaki ndani. Kyule aliangalia dirishani. Prof. hakunisifu, na nilimshukuru kwa hilo. Alisema kamati itakutana Alhamisi, saa nne. Niliporudi nilimwambia Mama Yvonne ajizoeze tena kuniletea chai iliyopoa. Alifikiri nataniana naye.

Mtu mmoja akibadili nia kabla ya Alhamisi, mkono wangu hautatosha. Najua. Mbaluka hajalala. Lakini safari hii hakuna atakayesema ulipungua wangu.

Na usifikiri nimepona. Jana niliwasikia wanafunzi wawili wakiuliza Madam Soipan atarudi lini, nikahisi kitu kikinikwaruza hapa kifuani, kile kile. Mkono nitakaouinua Alhamisi utakuwa na wivu ndani yake, mzima mzima. Lakini utainuka. Nimengoja wivu uishe kwanza ndipo nitende haki, na nimegundua nitazeeka nikingoja.

Mwambie baba Soipan mtamba abaki zizini kwenu, na asilitaje jina langu juu yake. Akishasikia yote haya, na Alhamisi ikishapita, kama bado anataka tuitane hivyo, nitakuja Bisil kwa miguu yangu niitike. Kama hataki, shemeji inanitosha, na hata hiyo nitaipokea kwa shukrani. Wewe nawe ukiwa na hasira, zilete mwenyewe, usizitume kwa simu. Kitanda cha wageni kiko. Mama ni mzima huko Masii, anauliza kwa nini humtembelei. Nitamweleza mimi mwenyewe nililomfanyia mjukuu wake, usinitangulie.

Nisalimie watoto wote. Dennis mwambie barua ya mama yake si ya kwake, kwa sababu najua ameshaichungulia bahasha. Wasalimie kina mama wa kanisani kwenu waliokuja kuimba siku ile, na waambie maua yale sikuyanyausha kwa kupenda.

Na Soipan mwambie aje Alhamisi, akae kwenye benchi lile lile, nje ya kile kioo. Aangalie mikono. Asiviangalie viatu vyangu.

Wako wa tumbo moja,
Mutindi